Ruhusa na Miliki: Vibanja vya Uhaya na Mchezo Ulioondolewa Dukani

Neno kununua lina maana iliyo wazi. Mtu hutoa fedha, hupewa kitu, na tangu saa hiyo kitu hicho huwa chake. Aweza kukitumia, kukiazimisha, kukiuza tena au kuwarithisha watoto wake. Muuzaji aliyekwisha kupokea thamani yake hana tena neno. Hivyo ndivyo zinavyouzwa ndizi na samaki katika soko la Bukoba, na watu wengi hudhani kwamba vitu vyote duniani huuzwa kwa sharti hilo hilo. Walakini katika miaka ya karibuni imeenea biashara ambayo neno kununua limebaki mlangoni, ilhali maana yake imekwisha kuondoka nyumbani.

Mfano uliojulikana kuliko mingine ni wa mchezo wa video uitwao The Crew. Mchezo huu wa mashindano ya magari ulitolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mnamo Desemba 2014. Mchezaji aliweza kuendesha gari katika ramani iliyofupishwa ya Marekani nzima, tangu pwani ya mashariki hata ya magharibi. Ulikuwa na sharti moja ambalo wanunuzi wengi hawakulitia maanani: hata mtu aliyecheza peke yake chumbani mwake ilimlazimu kuunganishwa kwa intaneti na seva za kampuni. Mnamo Desemba 14, 2023 mchezo huo uliondolewa katika maduka ya kidijitali. Mnamo Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Kampuni ilieleza kwamba sababu ni hali ya mitambo ya seva na mipaka ya leseni. Siku hiyo mchezo uliacha kufunguka kwa kila mtu, hata kwa yule aliyenunua sahani yake kwa fedha taslimu na kuiweka kabatini.

Si kila mchezo unaoondolewa dukani hufa kifo cha namna hii. Mchezo mwingine wa magari, Forza Horizon 4 wa mwaka 2018, uliondolewa katika maduka Desemba 15, 2024 kwa kuwa leseni za magari na muziki uliomo zilikuwa zinamalizika. Watengenezaji wa magari na wanamuziki huruhusu majina, sura na nyimbo zao zitumike kwa muda tu. Muda ukiisha, muuzaji hana budi kuacha kuuza. Lakini waliokwisha kuununua waliruhusiwa kuendelea kuucheza. Yafaa tofauti hii ishikwe vizuri. Katika hali moja mlango wa duka ulifungwa, na mali ikabaki mkononi mwa mnunuzi. Katika ile nyingine mnunuzi mwenyewe alitolewa nje ya kile alichokidhani kuwa mali yake.

Jambo hilo lilizusha manung'uniko makubwa. Mnamo Aprili 2024 Mmarekani Ross Scott alianzisha kampeni ya kudai kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuweza kuchezwa hata baada ya kampuni kuacha kuuhudumia. Ilipofika Julai 2025 ombi la wananchi wa nchi za Umoja wa Ulaya juu ya shauri hilo lilikuwa limepata saini zaidi ya 1,000,000. Huko California ilitungwa sheria mnamo Septemba 2024, ikaanza kutumika Januari 1, 2025, inayomkataza mwenye duka la kidijitali kutumia neno kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu. Wengi walioandika juu ya mambo haya waliyaona kuwa mageni kabisa, yaliyozaliwa na kompyuta.

Kwa hakika swali lenyewe si geni. Swali ni hili: mtu aliyetoa jasho lake au fedha zake, akatumia kitu kwa miaka mingi kama chake, ana haki gani siku ile mwenye kutoa ruhusa anapoitaka ruhusa yake? Katika nchi ya Uhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako leo ziko wilaya za Bukoba na Muleba, swali hilo liliulizwa barazani na mahakamani muda mrefu kabla ya kompyuta kuwako. Huko halikuwa swali la mchezo. Lilikuwa swali la ardhi.

Ili kulifahamu, ni lazima kwanza kufahamu kibanja. Mashamba ya Wahaya hayakutokea kwa neema ya udongo peke yake. Sehemu kubwa ya nchi ile ni rweya, yaani mbuga ya majani yenye udongo hafifu. Kibanja ni kazi ya mikono. Vizazi kwa vizazi vilikata majani ya rweya na kuyatandaza chini ya migomba, vikabeba samadi ya ng'ombe, vikachanganya ndizi na mibuni na maharagwe, hata udongo ukageuka kuwa mweusi na wenye rutuba. Ndani ya kibanja hicho hicho walizikwa wazee. Kwa hiyo mtu aliyeondolewa katika kibanja alipoteza zaidi ya chakula cha mwaka ule: alipoteza kazi ya baba na babu yake, na makaburi yao.

Nchi hiyo ilikuwa na falme kadhaa, kila moja chini ya Omukama wake: miongoni mwazo Kiziba upande wa kaskazini, Kianja, Kiamutwara, na Ihangiro, ambayo sehemu yake kubwa imo leo katika wilaya ya Muleba. Watu wengi walishika vibanja vyao kwa haki ya ukoo. Lakini palikuwapo na namna nyingine ya kushika ardhi, iliyoitwa nyarubanja. Omukama aliweza kumpa ndugu yake, au mtu aliyemtumikia vema, eneo la nchi pamoja na watu waliokaa ndani yake. Mkulima aliyekuwamo humo aliitwa mtwarwa. Aliendelea kulima, kujenga na kuvuna kama jana, wala mgeni aliyepita njiani asingetambua tofauti yoyote kati ya kibanja chake na cha jirani. Lakini sasa alikuwa na bwana juu yake, ambaye alistahili kuletewa sehemu ya mazao na pombe, na kufanyiwa kazi. Mtwarwa asiyetimiza wajibu wake aliweza kuondolewa.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa. Siku za amani, ruhusa na miliki hufanana kama mapacha. Hutofautiana siku ya ugomvi tu, na siku hiyo mwenye ruhusa huwa amekwisha kuchelewa.

Kuja kwa wakoloni kulizidisha uzito wa mambo. Baada ya Emin Pasha kuweka kituo cha Wajerumani mahali pa Bukoba mnamo 1890, Abakama waliopatana na serikali ile, kama Kahigi wa Kianja, walipata nguvu ambayo hawakuwa nayo kabla yake, na nyarubanja mpya zikaongezeka. Kisha ikaja bei ya kahawa. Zamani buni za Uhaya zilitafunwa, zilikirimiwa wageni na kutumika katika kuchanjia udugu, na upandaji wake ulikuwa chini ya amri ya Abakama. Kahawa ilipogeuka kuwa zao la fedha, hasa baada ya Waingereza kushika nchi na kuhimiza upandaji wake katika miaka ya 1920, kila kibanja kilipata thamani mpya. Mibuni ilipandwa na mtwarwa, lakini mizizi yake ilikuwa katika ardhi iliyosemwa kuwa ya mwingine. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyozidi kuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Serikali ya Waingereza haikuiondoa desturi hii. Ilijaribu kuizuia isienee na kuitia katika kanuni. Mnamo 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha kitabu chao juu ya sheria za mila za Wahaya, nyarubanja ikiwa miongoni mwa mambo waliyoyaeleza. Faida ya maandishi haikuwa ndogo, kwani mali bila daftari huisha bila habari; tangu hapo haki za pande mbili ziliweza kutajwa mahakamani kwa kusoma. Hata hivyo kuandika hali ya mtu si kuibadili. Mtwarwa aliyeandikwa kitabuni alibaki mtwarwa.

Mabadiliko yalikuja baada ya uhuru. Mnamo 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa katika Tanganyika. Mnamo 1965 Bunge lilitunga sheria maalumu ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na mnamo 1968 ikafuata sheria nyingine iliyoeneza ukombozi huo kwa wakulima waliokuwa chini ya mabwana wa ardhi wa kimila mahali pengine, pamoja na baraza la kuamua mashauri yao. Msingi wa sheria hizo ulikuwa mwepesi kuufahamu: aliyeifanya ardhi kuwa shamba asiwe mgeni juu yake. Bwana aliachiwa alichokilima mwenyewe. Kodi ya kukaa tu juu ya jasho la mwingine ikakoma.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba historia ya Uhaya yafundisha tu kwamba kila kizuizi juu ya mali ni dhuluma. Kibanja cha ukoo nacho kilikuwa na vizuizi vyake. Mwanamume aliyekiuza kwa mgeni bila idhini ya ndugu zake aliweza kuwaona ndugu hao wakirudisha fedha za mnunuzi na kukikomboa. Kizuizi hiki kilikuwa na maana: kilimlinda mtoto asiyezaliwa bado na ulevi au deni la baba yake. Kwa mwanamke kizuizi kilikuwa kikali zaidi. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya mila za urithi, lilisema kwamba mwanamke aweza kupata ardhi ya ukoo kwa kuitumia, lakini asiiuze, isipokuwa ukoo uwe hauna mwanamume. Alipewa matumizi, akanyimwa miliki.

Mnamo Agosti 1988 mwanamke mmoja mzee wa wilaya ya Muleba, aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtunza. Siku ya pili yake mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mauzo ni batili. Mahakama hiyo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Huko Jaji James Mwalusanya aliamua mnamo 1990 kwamba mila ile ilipingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mnamo 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Lakini hakuivunja desturi yote. Mpwa aliachiwa njia ile ile ambayo ingekuwako kama muuzaji angekuwa mwanamume: akitaka ardhi, na airudishe bei yake.

Hukumu hiyo yastahili kusomwa na wanaobishana juu ya michezo ya video. Jaji hakuuliza tu kama kizuizi kipo. Aliuliza kinamlinda nani, na kama anayebanwa nacho hurudishiwa kitu. Mwenye kutunga wimbo au kuchora gari ana haki ya kusema kazi yake isiuzwe baada ya muda fulani. Hiyo ni kama haki ya ukoo, na Forza Horizon 4 iliondolewa dukani kwa sababu ya namna hiyo pasipo kuwadhulumu walionunua. Lakini kumfungia mnunuzi wa zamani kile alichokilipia, bila kumrudishia thamani na bila kumwachia njia ya kukitumia peke yake, hakumlindi mtunzi wala kizazi kijacho. Kwamba yawezekana kufanya vingine imedhihirika: baada ya manung'uniko, kampuni ile ile iliahidi mnamo Septemba 2024 kuiwekea The Crew 2 namna ya kuchezwa pasipo intaneti.

Bila shaka kilio cha mchezaji si sawa na kilio cha mkulima aliyetolewa penye makaburi ya wazee wake. Lakini upande mmoja hali ya mchezo ni ya ajabu zaidi. Mtwarwa alipofukuzwa, migomba ilibaki imesimama, na mtu mwingine akala. Seva zilipozimwa, hakuna aliyevuna. Kazi ya mafundi wengi ilitoweka kwa wote pamoja, hata kwa mwanahistoria atakayetaka kujua vijana wa mwaka 2014 walicheza nini.

Hata leo mkulima wa Muleba si mwenye ardhi kwa maana ya mwisho. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na raia hupewa haki ya kuimiliki kwa masharti. Lakini masharti hayo hutajwa waziwazi. Hati inayotolewa kwa muda huonyesha miaka yake, isiyozidi 99. Na ardhi ikitwaliwa kwa faida ya umma, aliyeipanda na kujenga juu yake hustahili fidia. Mnunuzi wa mchezo hana hata moja kati ya hayo mawili. Sheria ya California imempatia jina la kweli la hali yake, kama kitabu cha 1945 kilivyompatia mtwarwa jina la hali yake. Kutoka kwenye jina hilo hadi kwenye sheria ya ukombozi, Bukoba ilingoja miaka 20.