Mama yangu na zile alama za kunukuu

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu. Mwaka wa tatu ndiyo huu na pendekezo la utafiti limenikaba koo. Nimetoka maktaba sasa hivi, bumu limekata, nimekula kwa mama ntilie kwa mkopo (ananiamini, Mungu ambariki), nikasema niwaandikie kabla sijalala, maana kuna kitu kinanisumbua.

Kisa kinaanzia mbali kidogo. Nilipomaliza kidato cha sita nilijaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo. Pale penye kazi ya mama nikaandika "mama wa nyumbani". Mama huyohuyo ambaye tangu niko darasa la pili anaamka saa tisa usiku kukanda unga, na saa kumi na mbili yuko stendi na ndoo mbili za maandazi. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye zile ndoo. Wala hakuna aliyenilazimisha kuandika vile. Niliona tu kwamba maandazi siyo kazi ya kuandikwa kwenye fomu.

Sasa wiki iliyopita mwalimu kanirudishia pendekezo langu kuhusu biashara za wanawake mjini. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: eleza kwa nini zinashindwa kukua. Nikajiuliza, nani kasema zimeshindwa? Basi nikaanza kufukua vitabu.

Nikakutana na makala ya Janet Bujra ya mwaka 1975. Inahusu wanawake wa Nairobi ya mwanzo, wale waliofika mjini enzi za mkoloni, wakapika pombe, wengine wakauza mwili, na fedha walizopata wakajengea nyumba za kupangisha. Kichwa cha makala kinawaita wajasiriamali, lakini neno lenyewe limewekwa ndani ya alama za kunukuu! Nilizitazama zile alama kwa muda mrefu. Sidhani kama mwandishi aliwadharau, kwani makala nzima inaonyesha jinsi walivyopiga hesabu zao. Labda alikuwa anawachokoza wasomi wenzake. Ila mwanamume aliyejenga nyumba mjini mwaka 1925 angewekewa alama hizo? Najiuliza tu.

Miaka 15 baadaye, 1990, Luise White akaandika kitabu kizima juu ya umalaya katika Nairobi ya kikoloni. Yeye hakuzungukazunguka. Aliuchukulia kama kazi, yenye aina zake na faida zake, na akaonyesha fedha zilikokwenda: nyingine zilirudi kijijini kuokoa mifugo na mashamba ya wazazi, nyingine zikawa nyumba Pumwani. Wanawake wale hapo kabla walikuwa wanaandikwa kama tatizo la afya au la maadili. Kumbe walikuwa wenye nyumba, na wapangaji wao ni wanaume wenye mishahara.

Claire Robertson naye mwaka 1997 alifuata biashara ya maharage ya wanawake wa Kikuyu kwa miaka 100, kuanzia 1890. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia. Maana tumezoea kusoma kwamba wanawake "wameanza kuingia" kwenye biashara, kila muongo wanaanza upya! Hawa walikuwa sokoni kabla reli haijafika Nairobi.

Hata lile neno sekta isiyo rasmi lina umri mdogo. Keith Hart alilitumia akiwatazama watu wa Accra, na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ikalieneza. Lilisaidia, sikatai, kwa sababu watu walioonekana hawana kazi walianza kuonekana wanafanya kazi. Lakini angalia jina lenyewe: umetambulishwa kwa kitu usichokuwa nacho.

Kwetu Tanzania aliyenigusa zaidi ni Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo mshahara ulikuwa hautoshi hata chakula cha wiki, na serikali ilikuwa imeshapitisha sheria ya nguvu kazi ya 1983 iliyowakamata "wazururaji" mitaani. Tripp akakuta nyumba zinaendeshwa na miradi, mingi yake ya kina mama: vitumbua, maandazi, barafu, kuku. Yaani mwenye kazi rasmi alikuwa analishwa na asiye na kazi. Na Susan Geiger, kwenye kitabu chake cha wanawake wa TANU, anaonyesha kwamba wengi wa waliomfuata Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 walikuwa wanawake wasio na shule kubwa, waliojitegemea kwa biashara zao ndogondogo. Hili la fedha zao sikulisikia darasani hata siku moja.

Kuhusu "kushindwa", jibu nimelipata Sweden. Helene Ahl alisoma makala 81 za kitaalamu kuhusu wanawake wajasiriamali, za kati ya 1982 na 2000. Watafiti waliwapima wanawake kwa kipimo cha wanaume, wakapata tofauti ndogo sana, halafu wakaendelea kueleza mwanamke amepungukiwa nini. Tena maneno wanayomwelezea mjasiriamali, kama jasiri na mshindani, ndiyo yaleyale ya jaribio maarufu la kisaikolojia linalopima uanaume! Nikakumbuka hata sisi Kiswahili chetu kimeunganisha jasiri na mali. Mama lishe sijui tumemwekea neno gani hapo.

Juzi nilimpigia mama, nikamwambia kwamba kitaalamu yeye ni mjasiriamali. Akacheka sana. "Ujasiri gani, mwanangu, wakati unga wenyewe umepanda?" Halafu akaniuliza kama nimekula. Habari ya ile fomu sijamwambia bado.

Kesho narudisha pendekezo kwa mwalimu. Ile sentensi ya kushindwa sijaiweka. Badala yake nimeandika kwamba nitaanza kwa kuwauliza fedha zao zilikwenda wapi. Akinirudisha tena nitawajuza.