Debe Tupu

Husemwa ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii yamcheka mtu asiye na kitu kichwani. Lakini ukiitazama historia, utaona ya kuwa debe lilianza kazi yake kubwa hapo lilipokuwa tupu.

Zamani mafuta ya taa yaliletwa pwani kwa meli, yametiwa katika madebe ya galani nne, yaani kadiri ya lita 18, mawili mawili katika sanduku la mbao. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, bidhaa za pwani zilipata njia nyepesi hata chini ya milima ya Uluguru. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Jirani aliyepewa alilitekea maji, kwa kuwa halivunjiki kama mtungi; sokoni likawa kipimo cha nafaka. Lilipotoboka, fundi wa bati alilikata akafanya vibatari.

Leo ndoo nyingi ni za plastiki, na mkasi wa fundi yule hauzifai kitu. Zikitupwa katika mto Morogoro, huchukuliwa na maji hata Ngerengere, kisha Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 halikugusa vyombo hivyo.

Basi, msomaji, chombo usichokihitaji mpe mwenye haja kingali kizima. Usingoje kipasuke, maana kumpa mtu kitu kibovu si kumsaidia, ni kumhamishia taka.