Dawa za ukimwi: sheria ilikuwa yetu, pesa je?

Kila mjadala wa afya ukianza, kuna mtu atasema mashirika yasiyo ya serikali ni vibaraka wa wafadhili. Ngoja kidogo, turudi 2001.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeweka Malengo ya Milenia, la sita likitaka ukimwi uanze kurudi nyuma kufikia 2015. Sawa, lakini ARV zilikuwa zimeuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mama mboga angetoa wapi? Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikaambia MSF: sisi tutawauzia kwa dola 350. Kizuizi kikabaki hataza.

Lengo la New York halingeondoa hicho. Wanaharakati wa hapa, wakiwemo watu wanaoishi na virusi, waliungana na MSF wakabana wabunge hadi Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 ikapita, ikafungua mlango wa dawa nafuu kutoka nje. 2002 kifungu kikachomekwa kimyakimya kudai idhini ya mwenye hataza. Wakapiga kelele tena, kikaondolewa. Hao ndio vibaraka?

Penye nina shida ni pesa. Global Fund ilianza 2002, PEPFAR ya Marekani 2003, na bili kubwa tukawaachia wao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wagonjwa wakaanza kuuliza dozi ijayo itatoka wapi. Sheria ya kununua tunayo. Nionyesheni kifungu cha bajeti.