Ngoma ya Jirani Iliyoingia Kwenye Roki ya Waingereza

Mjini Kamembe, mabishano ya muziki hayahitaji mwaliko. Bukavu inaonekana ng'ambo ya Mto Rusizi, Burundi iko chini bondeni, na wenyeji wamekua wakisikiliza redio za nchi tatu. Mmoja atamtetea mwanarumba Franco na OK Jazz yake iliyozaliwa Juni 1956. Mwingine atashikilia kwamba Kabasele na African Jazz ndio waliotengeneza njia tangu 1953. Hapo hakosekani kijana wa kuwakatiza wote wawili: bendi zilizobadili dunia ni za Waingereza, atasema. Beatles, Rolling Stones, Led Zeppelin, Queen. Halafu huuliza swali linalonyamazisha kijiwe: sisi watu wa huku tuliweka nini katika muziki huo?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko karibu kuliko anavyodhani muulizaji.

Ukitoka Kamembe kushuka Bugarama, kusini mwa wilaya hii ya Rusizi, milima inapungua na bonde linafunguka. Joto linapanda, mashamba ya mpunga yanatandaa. Huko ndiko Rwanda, Kongo na Burundi zinakopakana kwa maji ya Rusizi na Ruhwa. Ukivuka Ruhwa umeingia eneo la Cibitoke, nchi ya Burundi, nchi ya ngoma kubwa zinazobebwa kichwani na kupigwa kwa magongo mawili.

Kwa Kirundi na Kinyarwanda, neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na utawala wa mfalme. Nchini Burundi, ngoma kuu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya ufalme wenyewe, na wapigaji, abatimbo, walirithishana kazi hiyo katika koo maalumu. Ngoma huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Zikipangwa nusu duara, kila moja ina kazi yake. Amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika. Inkiranya, ngoma ya katikati, hutoa amri, na ibishikizo huifuata. Wapigaji hupokezana: mmoja hutoka kwenye mstari, akaruka, akacheza, akaipiga inkiranya, kisha akarudi mahali pake kumwachia mwenzake.

Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme wa Burundi ulipinduliwa na nchi ikawa jamhuri. Mfalme aliondoka, lakini wapigaji walibaki na ngoma zao. Mwaka uliofuata, 1967, Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walizunguka Burundi na vinasa sauti kwa niaba ya Ocora, kampuni ya santuri iliyokuwa chini ya utangazaji wa taifa la Ufaransa. Walirekodi nyimbo, zeze, inanga, na kundi la wapiga ngoma. Santuri ikatoka 1968 kwa jina la Musique du Burundi. Ilikusudiwa maktaba na wasikilizaji wachache wa muziki wa mbali.

Haikuishia maktabani. Mwaka 1971 mpiga piano Mfaransa, Michel Bernholc, aliyejipa jina la Mike Steiphenson, aliichukua sauti ya ngoma zile, akaipachika magitaa na kinanda, na kutoa kibao kilichoitwa Burundi Black. Mwishoni mwa mwaka huo kibao hicho kiliingia kwenye chati za Uingereza. Ngoma iliyokuwa ikimlinda mfalme sasa ilikuwa ikichezewa dansi London.

Miaka tisa baadaye ndipo moto ulipowaka hasa. Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, alilipwa na mwimbaji Adam Ant ili aitafutie njia mpya bendi yake, Adam and the Ants. McLaren alimpa kanda ya nyimbo za kujifunzia, na Burundi Black ilikuwa mojawapo. Kisha McLaren huyo huyo akawachukua wanamuziki wa Adam na kuunda nao bendi nyingine, Bow Wow Wow, iliyosimama juu ya mdundo huo huo. Adam hakukata tamaa. Alikusanya watu upya na kuweka wapiga drami wawili jukwaani badala ya mmoja. Albamu yake ya 1980, Kings of the Wild Frontier, ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza mwaka uliofuata. Magazeti ya muziki ya huko yakaupa mtindo huo jina la mdundo wa Burundi.

Wapo wanaobisha, na hoja yao ina uzito. Wanasema wapiga drami wawili walikuwepo Uingereza tangu mapema miaka ya 1970, katika bendi ya Gary Glitter, na kwamba Adam alichanganya mengi, yakiwemo mavazi na rangi za usoni za Wahindi Wekundu wa Marekani. Ni kweli alichanganya. Lakini mchanganyiko haufuti asili ya viungo. Msikilizaji yeyote wa Rusizi aliyewahi kusimama mbele ya abatimbo, akaisikia ngoma ya katikati ikiita na nyingine zikiitikia, akiwekewa santuri zile atageuka tu, kama mtu aliyesikia sauti ya jirani yake katika mji wa ugenini.

Julai 1982 wapigaji wenyewe walifika. Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa bendi ya Genesis, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, na la kwanza lilifanyika Shepton Mallet, kusini magharibi mwa Uingereza. Wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani, na bendi ya Echo & the Bunnymen ikapiga nao wimbo pamoja. Bendi hiyo inatoka Liverpool, mji ule ule wa Beatles. Tamasha lilipata hasara kubwa kiasi kwamba Genesis walilazimika kuungana tena na Gabriel kwa onyesho moja, Oktoba mwaka huo, ili madeni yalipwe. WOMAD ikasalimika, na kupitia mlango huo huo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, alikuja kurekodi katika studio ya Gabriel nyimbo zake za Kiswahili.

Hapa ndipo ninapotaka tubishane vizuri. Kuazimana midundo si dhambi. Hata rumba tunayoigombania Kamembe ina deni: tangu 1933 kampuni ya Kiingereza ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, zilizojulikana kwa herufi GV, na vijana wa Kinshasa wakajifunza kwazo. Muziki wenyewe wa Kuba ulikuwa na damu ya watumwa waliotoka Kongo. Deni kama hilo halina aibu.

Tofauti ni namna ya kulilipa. Rolling Stones walijipa jina kutokana na wimbo wa Muddy Waters, Mmarekani mweusi, na mwaka 1965 walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, Shindig, walishikilia kwamba Howlin' Wolf naye apewe nafasi. Walimtaja mwalimu wao, wakamweka mbele ya watu. Kwenye Burundi Black msanii alitajwa kuwa Burundi Steiphenson Black: jina la nchi, na jina la bandia la Mfaransa. Wapigaji hawakutajwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, wakasikika duniani, na tuzo likaenda kwa mwingine.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni heshima, ingawa mjadala haujaisha hata nyumbani. Amri ya rais ya 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Huku kwetu Rwanda, ambako nako mwiko ulikuwa huo huo, kundi la wanawake la Ingoma Nshya lilianza kupiga mjini Butare mwaka 2004, na halijarudi nyuma. Urithi wa ngoma, basi, si wa Waingereza kuuamua peke yao, wala si wa wafalme waliokwisha kuondoka.

Kwa hiyo kijana wa Kamembe akiuliza tena tuliweka nini katika roki ya Waingereza, asijibiwe kwa hasira wala kwa majivuno. Aonyeshwe upande wa Bugarama, aambiwe: ng'ambo ya mto ule, mwaka 1967, watu walizipiga ngoma zao kama walivyofundishwa na baba zao, na mdundo wao ukafika kileleni mwa chati za London. Kisha aulizwe naye swali moja: majina yao ni nani? Nakala ya mlio wao ipo, imehifadhiwa Ufaransa. Wazee wanaoweza kuwatambua wapigaji kwa mkono tu wanazidi kupungua, na vijiwe vyetu vina watu wenye ndugu pande zote za Ruhwa. Kazi ya kuwauliza ni yetu.