Mashine ya kuchimba mtaro: kwa nini hukimbia kwenye udongo na kukwama kwenye mwamba?

Msikilizaji wetu, mradi wa maji ukifika kijijini, kazi kubwa mojawapo ni mtaro wa bomba. Leo mashine inasonga vizuri, kesho inanguruma mahali pamoja hadi jioni. Tusikimbilie kumlaumu dereva. Mara nyingi ni ardhi iliyobadilika.

Mashine ya mtaro ina mnyororo wenye meno, unaozunguka kwenye mkono mrefu kama msumeno wa kukatia miti. Udongo wa kawaida huukata haraka. Mfinyanzi uliolowa hugandia kwenye mnyororo, na mchanga mkavu huporomoka na kufukia mtaro.

Kwenye mwamba, kwanza tuangalie ugumu. Zege la kawaida la nyumba huhimili mgandamizo wa megapaskali 25 hivi. Mawe mengi ya granaiti, aina inayoonekana Mwanza na Dodoma, huvuka 100. Mawe ya matumbawe ya pwani kwa kawaida ni laini zaidi, na mashine kubwa yenye meno ya tangsteni kabaidi huweza kuyakata.

Pili ni nyufa. Mwamba wenye nyufa hung'oka vipande vipande. Usio na nyufa lazima usagwe. Tatu ni chembe zake. Jiwe lenye chembe ngumu kama za mchanga hula meno upesi, hata kama jiwe lenyewe si gumu sana, na kila jino jipya ni gharama.

Kinachosumbua sana ni mawe makubwa yaliyofukiwa kwenye udongo laini. Yakiguswa hugeuka badala ya kukatika, mashine hutikisika na meno huvunjika. Hapo huitwa kijiko, na jabali likigoma, nyundo ya haidroliki.

Kwa hiyo, kamati ya maji, kabla ya kusaini mkataba chimbeni mashimo ya majaribio kwenye njia ya bomba, yafike kina cha mtaro. Mkataba utaje bei ya mita moja ya udongo, bei ya mita moja ya mwamba, na nani atapima. Bila hivyo, fedha za bomba zinaweza kuishia kwenye mwamba kabla maji hayajafika bombani.

Na penye mwamba, tandikeni mchanga kabla ya kulaza bomba la plastiki, maana ncha za mawe hulitoboa.