Sindano ya Kalio Kwenye Njia ya Pinga

Kalembe ni senta ya Kivu, mashariki mwa Kongo, iliyokaa mpakani mwa teritwari mbili: upande mmoja Masisi, upande wa pili Walikale, na barabara inayotoka Kitshanga na Mweso hukatiza humo ikielekea Pinga. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya A2 wa njia hiyo, na siku hizi nafundisha vijana wanaojifunza uuguzi. Huwauliza ni sehemu gani ya mwili ambayo muuguzi wa vijiji vyetu ameishika kuliko zote. Wananijibu tumbo, au paji la uso la mtoto mwenye homa. Mimi nasema ni kalio. Historia ya dawa za hospitali katika milima hii imepita hapo, na waliolipa gharama yake wengi ni watoto.

Mlango wa sindano aliufungua buba, ugonjwa wa vidonda. Ugonjwa huo hupenda joto na unyevunyevu, na msitu wa Walikale una vyote viwili. Wakati wa Wabelgiji ulitibiwa kwanza kwa dawa za aseniki zilizoingizwa mshipani, na kwa bismuthi, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 1921 na ambayo ilidungwa ndani ya msuli wa kalio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja penisilini inayokaa mwilini siku nyingi, na dozi moja tu ikatosha. Kati ya 1952 na 1964 WHO na UNICEF ziliendesha kampeni dhidi ya buba katika nchi 46, na watu wapatao milioni 50 wakatibiwa.

Nyanya yangu alibaki na makovu ya buba kwenye magoti yote mawili. Alinisimulia kwamba vidonda vilivyomkalia tangu utotoni, vilivyoshinda majani na majivu, vilikauka kabla hata maumivu ya sindano hayajasahaulika vizuri. Naamini hapo ndipo watu wetu walipoipenda sindano, na walikuwa na haki ya kuipenda. Kidonge humezwa na hakuna aonaye kinakokwenda. Lakini buba alikauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Hadi leo mama anayemleta mtoto mwenye homa huniambia, “Muganga, umupige sindano, vidonge anavitapika.”

Kisha malaria ikarithi kalio lililoachwa na buba. Dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini, na sisi wa Kivu tuna undugu nayo wa karibu: Wabelgiji walipanda miti ya kinkina katika milima yetu, na kiwanda cha Pharmakina huko Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini katika magome ya miti hiyo. Dawa hiyo imeokoa watu wasiohesabika. Lakini kwinini ya kichupa ni kali na ina asidi nyingi. Ikiingia msulini bila kuzimuliwa huua nyama inayoizunguka, na ikigusa neva huiunguza.

Hapa lazima niseme kilichomo chini ya ngozi, kwa sababu historia hii haieleweki bila hicho. Kalio lina misuli mitatu iliyolaliana. Juu kuna msuli mkubwa, unaotuinua tunapopanda kilima au kusimama kutoka kuchutama. Chini yake kuna wa kati, na chini zaidi mdogo. Hiyo miwili hushikilia nyonga isilale upande tunaponyanyua mguu mmoja kutembea. Ndani kabisa unapita msuli mwembamba uitwao piriformisi, nao ndio alama ya njia zote. Juu yake hutokea neva na ateri za juu za makalio. Chini yake hutokea neva na ateri za chini, pamoja na neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote za mwili, kama kidole kwa mtu mzima. Hiyo hushuka katikati ya mfupa wa kukalia na nundu ya mfupa wa paja, ikafika hadi vidole vya mguu. Kwa baadhi ya watu sehemu yake moja hupenya katikati ya piriformisi yenyewe, kwa hiyo hata anayejua ramani anapaswa kuacha nafasi.

Tulifundishwa kuligawa kalio mara nne na kudunga robo ya juu, upande wa nje. Kanuni hiyo si mbaya. Ubaya ni kwamba wengi waligawa ile nyama ya mviringo inayoonekana, wakati eneo lenyewe huanzia juu sana, kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga. Ukigawa nyama tu, robo unayodhani ni salama inashuka karibu na siatiki. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, ambaye kalio lake limebaki ngozi na mikunjo, sindano ya urefu wa kawaida hufika kwenye neva bila kizuizi. Na sehemu ya siatiki iliyo upande wa nje, ambayo huumia zaidi, ndiyo inayonyanyua wayo. Mtoto hulia kilio tofauti na cha sindano za kawaida, na akishushwa chini wayo unaburuta.

Kwa miaka mingi wazazi walisema sindano imemlemaza mwanangu, na waganga wakajibu ni polio. Pande zote mbili zilikuwa na chembe ya ukweli. Polio huanza na homa, homa huleta sindano, na tafiti za miaka ya 1950 zilionyesha kwamba sindano ya msulini kwa mtoto ambaye tayari amebeba virusi vya polio inaweza kuuvuta ulemavu kwenye mguu uleule uliodungwa. Ufuatiliaji wa polio ndio uliotutenganishia mambo. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla huripotiwa, na sampuli mbili za choo chake hupelekwa Kinshasa. Polio haiondoi hisia za ngozi. Neva iliyochomwa huziondoa. Nawafundisha vijana kupapasa wayo wa mtoto kwa pamba kabla ya kuandika chochote.

Mwaka 1976 sindano ilionyesha sura nyingine, huko Yambuku, Equateur. Hospitali ya misheni ilianza kila siku na mabomba matano tu ya sindano, yakatumika kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Ebola ilipita humo, na kati ya wagonjwa 318 wakafa 280. Virusi hivyo vikatufikia na sisi: Agosti 2019 vilithibitishwa Pinga, mwisho wa barabara yetu. Chanjo yake ilidungwa begani.

Kalio lilianza kuachwa polepole. WHO ilisema kwinini ya msulini izimuliwe, igawanywe, idungwe mbele ya paja, kamwe si kalioni. Kisha, mwaka 2010, ukatoka utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate, dawa nyingine ya malaria kali, 8.5. Mwaka uliofuata WHO ikapendekeza artesunate kwa watoto. Na buba, aliyetufundisha kuipenda sindano, haihitaji tena: mwaka 2012 Oriol Mitjà na wenzake walionyesha huko Papua New Guinea kwamba dozi moja ya azithromisini ya kumeza inatosha.

Wale waliokwisha kuumia wapo. Kumi, mashariki mwa Uganda, wapasuaji wa mifupa huwafungua watoto ambao msuli mkubwa wa kalio umegeuka kovu gumu, watoto wasioweza kuchutama magoti yakiwa pamoja. Huku kwetu nawafahamu watu wazima wanaoburuta wayo, na katika nchi ambayo watu hukimbia vita kwa miguu, kama walivyokimbia Kalembe Oktoba 2024, hilo si jambo dogo. Kijiji kinatembea kwa kasi ya miguu miwili mizima, wao wanabaki nyuma na mizigo yao.

Sindano ya kalio haijaisha. Iko katika vibanda vya dawa kandokando ya barabara, safari hii ni diklofenaki ya maumivu ya mgongo, na anayeidunga mara nyingi hajawahi kuona mchoro wa siatiki. Ndiyo maana nafundisha njia ya von Hochstetter ya miaka ya 1950, ya ubavuni mwa nyonga: kiganja juu ya nundu ya mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kikifunguka kufuata ukingo kuelekea nyuma, na sindano iingie katikati ya vidole hivyo. Hapo siatiki iko mbali, na mishipa mikubwa ya damu haipiti. Mwanafunzi asiyeweza kunionyesha alama hizo tatu mwilini mwake mwenyewe, simpi bomba la sindano.