Chombo, si kontena

Mwaka 1990 Pavel Curtis alianzisha LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo wachezaji huunda vitu wenyewe. Kimojawapo ni kile cha kutilia vitu vingine: hufunguliwa na kufungwa, huweza kutiwa kufuli, na muundaji hukiandikia maneno ambayo mchezaji atayasoma kinapofunguka au kinapokataa. Tukiiteje? Wengi watakimbilia "kontena", lakini neno hilo kwetu limekwisha kuwa lile sanduku la chuma la bandarini, au duka la kando ya barabara. Mimi nashika "chombo". Pingamizi nalijua: chombo ni jahazi, ni sufuria, na hata redio ni chombo cha habari. Lakini upana huo ndio unaotakiwa hapa, kwani kitu hicho chaweza kuwa mkoba, kabati au mashua. Utata ukibaki, sarufi huuondoa kwa kiambishi kimoja: "mezani pana barua", lakini "chomboni mna barua", na msomaji anajua barua imo ndani. Mtaani "hamna" imekwisha kuchanganywa na "hakuna". Muundaji wa mchezo asiichanganye, maana mchezaji hana picha ya kutazama, ana maneno tu.